Njia za Mabasi na Idadi ya Safari Viungani: Mfano wa Masasi na Newala

Swali la usafiri hupenda kujitokeza kwa sura nyingi: insha ya hoja, barua kwa mhariri, hotuba mbele ya mgeni rasmi, au habari ya ufahamu. Kila ninaposahihisha majibu ya swali hili nakutana na sentensi moja: "Serikali iboreshe usafiri." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, ila haina maarifa. Iboreshe nini? Barabara, magari, nauli, au ratiba? Nani katika serikali? Msomaji hajui, na mara nyingi mwandishi mwenyewe hajui.

Makala hii inakupa maarifa hayo. Tutatumia mji wa Masasi na mji wa Newala, mkoani Mtwara, kwa sababu hapo mambo yote muhimu yanaonekana kwa macho: mji unaokua, vijiji vya pembezoni, mlima wa kupanda, msimu wa mvua na msimu wa korosho. Wewe unayesoma ukiwa Bariadi au Mpanda, weka majina ya kwenu. Kanuni hazibadiliki.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Mwaka mmoja, asubuhi ya mtihani wa utimilifu, watahiniwa wawili wa shule niliyokuwa nikifundisha waliingia chumbani wakati wenzao wameshafika swali la tatu. Hawakuwa wamelala. Walikuwa barabarani tangu saa 12:15 asubuhi. Gari la kwanza lilipita limejaa. La pili lilikuwa na abiria sita, na dereva alikuwa akisubiri wanane zaidi. Kijiji chao hakiko mbali, na gari lenyewe lilikuwepo. Kilichowachelewesha ni muda wa kusubiri.

Mambo ya namna hiyo humpata pia mama mjamzito anayetakiwa kufika Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, mgonjwa anayepelekwa Ndanda, na muuza mbogamboga ambaye mchicha wake hausubiri gari lijae. Kwa hiyo unapoandika juu ya usafiri, unaandika juu ya elimu, afya na kipato. Hizo ni hoja tatu tayari.

Istilahi za kuzifahamu

Njia, au ruti kama wanavyosema madereva, ni mstari ambao gari limeruhusiwa kuufuata, kutoka kituo cha kuanzia hadi kituo cha mwisho.

Idadi ya safari ni mara ngapi magari ya njia hiyo hupita kituo fulani katika saa moja au katika siku.

Muda wa kati ni dakika zinazopita kati ya gari moja na linalofuata. Safari zikiwa tatu kwa saa, na zimepangwa sawasawa, muda wa kati ni dakika 20.

Mzunguko ni muda wote ambao gari hutumia kutoka kituo cha kwanza, kwenda, kukaa upande wa pili, kurudi, na kukaa tena hadi liwe tayari kuondoka upya.

Saa za msongamano ni saa ambazo abiria ni wengi kuliko kawaida. Kwa miji yetu ni asubuhi saa 12 hadi saa 2, watu wanapokwenda shule, sokoni na kazini, na jioni wanaporudi.

Wengi huchanganya njia na barabara. Barabara ni ile inayojengwa. Njia ni huduma inayopita juu ya barabara hiyo. Kijiji kinaweza kuwa na barabara nzuri na kisiwe na njia hata moja ya gari la abiria.

Hali ya nchi na njia za magari

Masasi iko bondeni, katikati ya milima ya mawe kama Mtandi. Ni njia panda: barabara ya Mtwara kupitia Ndanda, ya Nachingwea, ya Tunduru hadi Songea, ya Mangaka kuelekea Daraja la Umoja katika Mto Ruvuma lililofunguliwa mwaka 2010, na ya Newala. Mji wa namna hii hupata njia zenye umbo la nyota: zote huanzia stendi na kutawanyika pande zote. Umbo la nyota lina faida kwa anayekwenda mjini. Lina hasara kwa anayetoka kata moja ya pembezoni kwenda nyingine, kwa mfano kutoka Mumbaka kwenda Marika: analazimika kuingia kwanza mjini, kusubiri gari la pili na kulipa nauli mbili.

Newala ni tofauti. Iko juu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Anayesimama Shimo la Mungu huona ardhi imeporomoka mbele yake hadi bonde la Ruvuma. Udongo wa uwandani hunyonya maji haraka, ndiyo maana maji yalikuwa shida ya miaka mingi na chemchemi nyingi ziko chini, kwenye miteremko. Vijiji vimejipanga juu, kando ya barabara, mithili ya shanga kwenye uzi. Njia za magari hapa zina umbo la mstari: kutoka Newala mjini kuelekea Kitangali, au kuelekea Mahuta na Tandahimba. Faida ya mstari ni kwamba gari moja huhudumia vijiji vingi. Hasara yake ni kwamba gari likijaa mwanzoni, walio katikati huachwa.

Kati ya miji hii miwili kuna mteremko mkali. Gari linalopanda Newala hutumia mafuta mengi na huchakaa mapema kuliko linalokimbia tambarare. Mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, sehemu za udongo huteleza, magari madogo hupunguza safari na baadhi hukacha kabisa. Ndiyo sababu barabara ya Mtwara–Nanyamba–Tandahimba–Newala–Masasi, yenye urefu wa kilomita 210, imesubiriwa kwa hamu. Kilomita 50 za Mtwara–Mnivata zilitangulia kuwekewa lami, na kilomita 160 zilizobaki, Mnivata hadi Masasi, zimeingia katika ujenzi kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lami hupunguza muda wa safari na uchakavu wa gari. Je, huongeza idadi ya safari? Tuone.

Hesabu ndogo yenye jibu kubwa

Kanuni ni hii: muda wa kati = mzunguko ÷ idadi ya magari.

Chukua mfano wa kufikirika. Njia ina kilomita 12 kutoka stendi hadi kijiji cha pembezoni. Safari ya upande mmoja huchukua dakika 30. Kuna magari manne aina ya Hiace, kila moja lina viti 14 vya abiria.

Hali ya kwanza: gari haliondoki mpaka lijae. Tuseme kujaa huchukua dakika 40 kila upande. Mzunguko ni 30 + 40 + 30 + 40 = dakika 140. Ukigawanya kwa magari manne, muda wa kati ni dakika 35.

Hali ya pili: gari huondoka kwa saa. Likae dakika 10 tu kila upande. Mzunguko ni 30 + 10 + 30 + 10 = dakika 80. Ukigawanya kwa manne, muda wa kati ni dakika 20.

Magari ni yaleyale manne. Barabara ni ileile. Hakuna gari lililonunuliwa, na kusubiri kumepungua kutoka dakika 35 hadi 20. Tukisema tujenge lami ili safari ishuke hadi dakika 20, lakini gari liendelee kusubiri kujaa, mzunguko utakuwa dakika 120 na muda wa kati dakika 30. Lami imesaidia, ila utaratibu wa kuondoka ungesaidia zaidi. Hapa ndipo mtahiniwa mzuri anapojitenga na wengine: anaonesha kwamba tatizo moja lina vyanzo viwili.

Zingatia pia kwamba idadi ya safari peke yake haitoshi, mpangilio nao ni muhimu. Magari matatu yakipita saa 1:00, 1:02 na 1:04, kisha kimya hadi saa 2:00, kwa hesabu ni safari tatu kwa saa. Kwa abiria wa saa 1:05 ni karibu saa nzima ya kusubiri.

Kwa nini dereva husubiri gari lijae?

Usikimbilie kumwita dereva mbaya. Dereva wengi hawamiliki gari. Kila jioni hupeleka "hesabu" kwa tajiri, yaani kiasi walichokubaliana. Mafuta yanatoka mfukoni mwake kwanza, kinachobaki ni chake na konda. Akiondoka na watu wanane, mwenzake aliye nyuma atajaza kumi na wanne, na yeye atalala na deni.

Tufanye hesabu yake pia. Katika siku ya saa 14, hali ya kwanza humpa mizunguko 6, yaani safari 12 zilizojaa: 12 × 14 = abiria 168. Hali ya pili humpa mizunguko 10, yaani safari 20. Abiria walewale 168 wakigawanywa kwa safari 20, ni wanane au tisa kila safari. Mapato ni yaleyale, lakini ameongeza mizunguko minne ya kilomita 24, sawa na kilomita 96 za mafuta. Kwa hiyo atapata hasara, isipokuwa abiria wapya waje.

Abiria wapya wapo. Ni wale ambao sasa wanatembea kwa miguu, au wanapanda bodaboda kwa nauli kubwa, kwa sababu gari halieleweki litaondoka saa ngapi. Lakini hawa hawaji siku ya kwanza. Huja baada ya wiki kadhaa, wakishaamini kwamba gari la saa 12:20 kweli linaondoka saa 12:20. Kipindi hicho cha kuaminishana ndicho kigumu, na dereva mmoja hawezi kukibeba peke yake. Lazima madereva wote wa njia wakubaliane, na awepo msimamizi.

Funzo kutoka kwingine

Wilaya hizi ziliwahi kuonja njia iliyopangwa vibaya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga wa mwaka 1947, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, ambayo baadaye ilipata tawi la kufika Masasi. Mpango wa karanga ulifutwa mwaka 1951. Reli iliyotegemea zao moja ilikosa mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na kung'olewa. Funzo: njia isitegemee zao moja au msimu mmoja. Leo tuna jambo linalofanana nalo. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, fedha za minada huingia, watu husafiri sana na magari mengi huonekana. Msimu ukiisha, baadhi ya magari hutoweka, ilhali wanafunzi na wagonjwa wapo mwaka mzima.

Dar es Salaam nayo ina la kutufundisha. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilipozidiwa na abiria, serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983, na daladala zikaenea. Magari yakaongezeka, lakini bila ratiba: mchana yakasubiri kujaa, asubuhi yakagombaniwa madirishani. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kati ya Kimara na Kivukoni, kilomita 20.9 pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, yakiwa na barabara zake na mabasi ya mlisho ya kuwaleta abiria kwenye njia kuu. Safari zikafupika. Hata hivyo, mabasi yalipokuwa machache, foleni za abiria vituoni zilirefuka. Funzo ni kwamba barabara bila magari ya kutosha haimsaidii abiria, na magari bila utaratibu hayamsaidii pia.

Nani anahusika na nini?

Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa kwa kutaja "serikali" tu. Taja taasisi kwa jina na kazi yake.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA, hutoa leseni za usafirishaji kwa njia maalumu na kupanga viwango vya nauli, pamoja na nauli ya mwanafunzi.

Wakala wa Barabara, TANROADS, husimamia barabara kuu na za mikoa.

Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, husimamia barabara za wilaya, mitaa na vijiji.

Halmashauri husimamia stendi na hupokea maombi ya wananchi kupitia vikao vya mtaa, kijiji na kata.

Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi huzuia kuzidisha abiria na kukagua ubovu wa magari.

Umoja wa madereva na wamiliki hupanga zamu stendini. Bila wao ratiba hubaki karatasi.

Hatua za kuboresha

Kwanza, kuhesabu abiria. Wanafunzi wanne wenye daftari, mmoja kila kituo, wiki moja tu, wanaweza kuonesha ni saa ngapi watu wengi wanaachwa. Ombi lenye takwimu husikilizwa kuliko ombi lenye malalamiko.

Pili, ratiba ya saa za msongamano. Haitakiwi kuanza na siku nzima. Gari liondoke kwa saa asubuhi saa 12 hadi saa 2 na jioni wanafunzi wanapotoka. Saa hizo abiria ni wengi, kwa hiyo dereva hapati hasara kubwa. Mchana waendelee na utaratibu wao.

Tatu, kuunganisha njia. Kijiji chenye abiria wachache hakiwezi kupewa gari lake kila nusu saa. Bodaboda au bajaji zinaweza kuleta abiria kwenye kituo cha njia kuu, mradi wakute gari na si vumbi lake.

Nne, njia ya kuzunguka pembezoni. Katika mji wenye umbo la nyota kama Masasi, gari moja au mawili yanayounganisha kata za nje bila kupita stendi huokoa nauli ya pili.

Tano, viti vya katikati ya njia. Kwenye njia za mstari kama za uwandani, asubuhi gari moja lianzie katikati badala ya mwanzo, ili waliozoea kuachwa wapate nafasi.

Sita, mwanafunzi asikataliwe. Nauli yake ni ndogo, na katika miji mingi konda humruka. Zamu ya magari ya asubuhi ikipangwa na umoja wa madereva, mzigo wa nauli ndogo hugawanywa kwa wote badala ya kumwangukia mmoja.

Mfano wa aya ya hoja

Angalia jinsi maarifa hayo yanavyogeuka kuwa aya:

"Hatua nyingine ni kuweka ratiba ya kuondoka magari katika saa za msongamano. Hivi sasa magari mengi ya viungani husubiri hadi yajae, na abiria wa njiani hawajui watapita saa ngapi. Umoja wa madereva, ukishirikiana na halmashauri na LATRA, ukipanga gari liondoke kila baada ya dakika 20 kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, wanafunzi na wafanyakazi watafika kwa wakati bila kununua gari hata moja jipya. Ni kweli kwamba dereva anaweza kuondoka na viti vitupu siku za mwanzo. Lakini abiria watakapoizoea ratiba, viti hivyo vitajaa."

Aya hii ina hoja, hali ilivyo, mhusika, matokeo na jibu kwa mpinzani. Hivyo vitano vikiwepo, msahihishaji hana pa kukunyima alama.

Makosa ya kuepuka

Usiorodheshe hatua kumi bila kuzieleza. Hoja nne zilizokamilika ni bora kuliko kumi zilizotajwa.

Usibuni takwimu. Kama huna uhakika, andika "magari machache", au toa mfano na useme wazi kwamba ni mfano.

Usiandike kwamba lami itamaliza kila tatizo. Umeshaona hesabu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya barabara na njia ya usafiri.

2. Njia ina magari 5. Safari ya upande mmoja ni dakika 40, na gari hukaa dakika 20 kila upande. (a) Tafuta muda wa kati. (b) Yanahitajika magari mangapi ili muda wa kati uwe dakika 15? (c) Muda wa kukaa ukipunguzwa hadi dakika 5 kila upande, magari mangapi yatatosha kwa dakika hizo 15?

3. Taja hasara moja ya njia zenye umbo la nyota na moja ya njia zenye umbo la mstari.

4. Wewe ni katibu wa serikali ya wanafunzi. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri yenu ukiomba ratiba ya magari ya asubuhi katika kipindi cha mtihani wa taifa.

Majibu ya swali la 2: (a) Mzunguko ni 40 + 20 + 40 + 20 = 120; 120 ÷ 5 = dakika 24. (b) 120 ÷ 15 = magari 8. (c) Mzunguko mpya ni 90; 90 ÷ 15 = magari 6. Yaani magari mawili yameokolewa kwa kupunguza kukaa stendini.

Swali la 4 usilichukulie kama zoezi tu. Mtihani wa taifa hufanyika Novemba, mvua zikianza na watu wakiwa katika mbio za korosho, wakati ambao kiti cha gari asubuhi ni cha kugombania. Barua hiyo ukiiandika vizuri mwezi Septemba, ikapitishwa na mwalimu mkuu na kupigwa mhuri, inaweza kutumwa kweli.